Binti Aliyeandika Dunia Isiyo na Mti

Hapa Kizwite mama akisikia binti yake anataka kutengeneza filamu, kinachomjia kwanza ni kibanda cha video: giza, kelele na watoto waliotoroka shule. Ualimu anaujua, uuguzi anaujua. Lakini kuandika na kuongoza filamu, hiyo ni kazi ya namna gani, na mtu huianzaje? Mama anayeuliza hivyo hatumlaumu. Tumeona afadhali tumsimulie miaka ya mwanzo ya mwanamke mmoja wa kwa jirani zetu, Wanuri Kahiu wa Kenya.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1980, mama yake akiwa daktari wa watoto. Hakukimbilia kamera. Alisoma kwanza Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, akapata shahada ya sayansi ya menejimenti mwaka 2001. Ndipo akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, kusomea uongozaji wa filamu. Wapo watakaosema miaka ile ya Warwick ilipotea bure. Sisi hatuoni hivyo. Mwongozaji hupanga fedha, siku, magari na chakula cha watu wote. Asiyejua hesabu hukwama siku ya pili.

Alianza na kazi ndogo. Filamu fupi ni ile isiyozidi dakika 40, na wengi huanzia hapo kwa sababu gharama yake si kubwa sana. Huanzia kwenye karatasi: nani yuko wapi, ni mchana au usiku, anatenda nini, anasema nini. Kwa desturi ukurasa mmoja huhesabiwa kama dakika moja. Mojawapo ya filamu fupi za mapema za Wanuri, Ras Star, inamhusu binti wa Kiislamu wa Nairobi anayetaka kuimba rap. Mwaka 2008 akatoa filamu ndefu, From a Whisper, kuhusu mlipuko wa bomu wa Agosti 7, 1998 Nairobi, siku ile ile Dar es Salaam nayo ilipopigwa. Mwaka 2009 filamu hiyo ilimpatia tuzo ya mwongozaji bora katika tuzo za filamu za Afrika.

Lakini inayotugusa zaidi sisi wa Ufipa ni filamu fupi ya mwaka 2009, Pumzi, ya dakika 20 na kitu. Dunia imekauka baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanasafisha mkojo na jasho lao ili wanywe, na hata ndoto wanazizuia kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anatumiwa udongo wenye unyevu. Anapanda mbegu kuukuu, nayo inachipua. Wakubwa wanamkatalia kutoka nje. Anatoroka, anakwenda na mche wake jangwani, anaupanda, na maji yake ya mwisho anaupa mche. Jumuiya yao inaitwa Maitu, maana yake mama kwa Kikikuyu.

Sisi tunaoishi juu ya uwanda huu wa majani mengi na miti michache hatuhitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Babu zetu waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru marefu kuliko mtu, na kila lungu lilikula mkaa mwingi. Leo wajukuu wao wanatembea mbali kutafuta kuni. Nani ameandika hilo kwenye mswada wa filamu?

Pumzi ilipigwa picha Afrika Kusini kwa misaada kutoka mifuko ya nje, na Januari 2010 ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani. Kwa filamu ya dakika 20, huo ulikuwa mlango mpana.

Mama aambiwe na upande wa pili. Mwaka 2018 filamu ndefu ya Wanuri, Rafiki, ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa katika tamasha la Cannes, na nyumbani ikapigwa marufuku kwa sababu inahusu mapenzi ya wasichana wawili. Alikwenda mahakamani, ikaruhusiwa kwa siku 7 tu. Msomaji ataipima filamu hiyo kwa dhamiri yake. Sisi tunasema tu kwamba kazi hii huleta ugomvi wa hadharani, na binti anayeiingia ajue mapema.

Bagamoyo iko taasisi ya serikali ya sanaa na utamaduni, na Zanzibar huwa na tamasha la filamu linalopokea filamu fupi pia. Kutoka Sumbawanga kote huko ni zaidi ya kilomita 1,000, nauli si mchezo. Kwa sasa mpe binti daftari, mwambie aandike kurasa 10 kuhusu safari moja ya kuni, kuanzia alfajiri hadi mzigo unapotuliwa jikoni. Kisha mketi, akusomee zote.