Malkia Waliovaa Kijivu

Julai 1943, meli ya Queen Mary iling'oa nanga New York kuelekea Gourock, Uskoti, ikiwa na watu 16,683. Askari walikuwa 15,740, na waliobaki ni mabaharia wake. Mpaka leo hakuna meli nyingine iliyovuka bahari na watu wengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Chombo chenyewe kilijengwa kwa ajili ya abiria 2,100 hivi, waliokata tikiti kwenda Marekani kwa starehe.

Watu wote hao walienea wapi? Bwawa la kuogelea lilikaushwa, likajazwa vitanda. Kumbi nazo zikajazwa vitanda, vimebebana hata sita kwenda juu. Vilipopungua, askari walilala kwa zamu: huyu akiamka, mwenzake anajilaza palepale kabla pahajapoa. Milo ilikuwa miwili kwa siku, nayo ililiwa kwa makundi, kundi moja likiinuka jingine linaketi. Meli iligawanywa sehemu tatu, nyekundu, nyeupe na buluu. Kila askari alivaa beji ya rangi ya sehemu yake na hakuruhusiwa kuvuka kwenda ya jirani, maana maelfu ya watu wakizurura ovyo ndani ya chombo kimoja ni hatari tosha hata pasipokuwa na adui.

Orodha za rekodi za meli za vita huanza na safari hiyo, na inastahili. Kinachonisikitisha ni kwamba nyingi huishia papo hapo, tena mara nyingine huweka picha ya meli nyingine kabisa. Meli ya abiria iliyopakwa kijivu na kufutwa jina haijitambulishi, na kuitambua ni kazi ya macho na subira. Kwa familia iliyompoteza mtu baharini, kazi hiyo ina uzito. Ukikosea meli, umekosea tarehe, umekosea bahari, na umemtafuta ndugu yako mahali ambapo hakuwahi kufika.

Hesabu dohani, kisha usiziamini

Mtu anayeanza hutazama dohani. Queen Mary alikuwa nazo tatu. Ndugu yake mdogo, Queen Elizabeth, mwenye tani za ujazo 83,673 na hivyo mkubwa kuliko meli zote za abiria za enzi hizo, alikuwa na mbili. Sitaha ya juu ya Queen Mary imesongamana mabomba ya hewa, ilhali ya Queen Elizabeth iko wazi, haina vikorokoro. Ukipata picha ya kijivu isiyo na maelezo, tofauti hizo mbili zinatosha kumaliza ubishi.

Queen Elizabeth ana rekodi yake mwenyewe, nayo naiona nzuri kuliko ya ukubwa. Machi 1940, kabla hajakamilika, alitoka mto Clyde huku habari zilizoenezwa zikisema anakwenda Southampton. Siku chache baadaye akaibuka New York, amepakwa kijivu, bila abiria wala sherehe. Abiria wa kawaida hawakusafiri naye mpaka Oktoba 1946, alipokwisha kubeba mamia ya maelfu ya askari.

Dohani zina hila, hata hivyo. Meli nyingi za fahari ziliwekewa dohani moja ya ziada isiyotoa moshi wa tanuri, kwa sababu abiria wa zamani waliamini kuwa dohani nyingi ni dalili ya nguvu. Ya nne ya Olympic ilikuwa ya kupitishia hewa. Ya tatu ya Normandie, meli ya Ufaransa iliyoungua gatini New York Februari 1942 wakati Wamarekani wakiigeuza kuwa ya jeshi, haikuwa na kazi ya moshi pia. Dohani ya namna hiyo inaweza kung'olewa wakati wowote na meli ikaendelea na safari, na hapo mtambuzi amepotea.

Ndiyo maana Mwingereza E. C. Talbot-Booth, aliyetunga vitabu vya kutambua meli za biashara, alifundisha kusoma chombo kizima kuanzia omo hadi tezi. Unaandika kila kinachosimama kwa mpangilio wake: mlingoti, nguzo ya kupakulia mizigo, dohani, mlingoti tena. Mpangilio huo ni mgumu kubadilisha kuliko rangi. Baada ya hapo unaangalia tezi, kama ni ya mviringo iliyoning'inia juu ya maji kwa mtindo wa kale, au imeshuka wima. Halafu unatafuta alama za vita: mizinga midogo juu ya sitaha, maboya ya kuokolea yaliyoegemezwa ubavuni, na waya mnene uliozungushwa mwilini kuikinga meli na mabomu ya sumaku yaliyotegwa majini. Waya huo ukiuona, ujue picha ni ya Vita Kuu ya Pili. Ukiona mistari na pembe za rangi zinazopotosha macho, mtindo aliouanzisha mchoraji Norman Wilkinson mwaka 1917, elekeza mawazo kwanza kwenye vita vya kwanza. Na meli nyeupe yenye mkanda wa kijani na misalaba myekundu ilikuwa ya hospitali, hata kama mwezi mmoja kabla ilibeba askari.

Kasi na gharama yake

Malkia hao wawili walikwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na hakukuwa na nyambizi ya wakati ule iliyoweza kuwafukuza. Kwa hiyo katikati ya bahari walisafiri peke yao, wakipinda huku na huku, na manowari za ulinzi zikawapokea walipokaribia Uingereza. Tarehe 2 Oktoba 1942, kaskazini ya Ireland, Queen Mary aliigonga HMS Curacoa, manowari iliyokuja kumlinda, akaikata vipande viwili. Amri ilikuwa kutosimama kwa sababu yoyote, maana ndani mlikuwa na maelfu ya askari wa Marekani, na meli iliyosimama ni shabaha. Hakusimama. Mabaharia zaidi ya 330 wa Curacoa walikufa, waliookolewa na meli nyingine ni 100 hivi, na umma haukuambiwa mpaka vita vilipokwisha. Sijapata kuona uamuzi wa baharini mgumu kuliko huo.

Kwa upande wa kupiga, rekodi ni ya Olympic, ndugu wa Titanic. Mei 1918 iliigeukia nyambizi ya Ujerumani U-103, ikaikanyaga na kuizamisha. Na kwa kudumu, hakuna wa kushindana na Aquitania, ya dohani nne, iliyoanza kazi 1914, ikabeba askari katika vita vyote viwili na kuvunjwa mwaka 1950.

Majina yanayochanganya

Mwenye majina mengi kuliko wote niwajuao ni America, aliyezinduliwa Agosti 1939. Mwaka 1941 jeshi la majini la Marekani lilimwita West Point, akawa chombo kikubwa kuliko vyote walivyotumia wao wenyewe kubebea askari. Baada ya vita akarudi kuwa America, kisha Australis, America tena, Italis, Noga, Alferdoss, na mwishowe American Star, jina alilokuwa nalo alipokwama pwani ya Fuerteventura Januari 1994. Njiani aling'olewa dohani ya mbele, ambayo ilikuwa ya mapambo. Picha zake za miaka ya 1940 na za miaka ya 1980 utaapa ni za meli mbili tofauti.

Mtego wa pili ni meli mbili zenye jina moja. Laconia ya kwanza, ya 1911, ilikuja pwani yetu mwaka 1915 pamoja na kikosi cha Waingereza kilichoizingira manowari ya Kijerumani, Königsberg, kwenye delta ya Rufiji. Nyambizi ya Ujerumani iliizamisha Laconia hiyo 1917. Laconia ya pili, iliyokuwa na wafungwa Waitalia wapatao 1,800, ilizamishwa na nyambizi ya Ujerumani katika Atlantiki Septemba 1942. Jina moja, kampuni moja, adui mmoja, vita viwili.

Karibu zaidi na sisi ni meli za British India zilizounganisha Bombay na Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Durban. Kenya na Karanja, zilizojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, ziligeuzwa kuwa meli za kushusha askari ufukweni, na zote mbili zilikuwa Madagaska Mei 1942 Waingereza walipoivamia Diego Suarez. Kwa kuwa tayari kulikuwa na manowari iitwayo Kenya, meli hiyo ya abiria ilibadilishwa jina ikawa Keren, na mtafutaji anayesaka neno "Kenya" hukutana na chombo kisicho chake. Karanja ilipigwa kwa mabomu ya ndege na kuzama pwani ya Algeria Novemba mwaka huohuo. Wazee wa Mombasa na Dar wanaoikumbuka Karanja bandarini wanaikumbuka ya pili, iliyojengwa 1948.

Waliopotea

Kwa Uingereza, msiba mkubwa kuliko yote ya meli moja ni wa Lancastria, tarehe 17 Juni 1940, nje ya St-Nazaire, Ufaransa. Ilipakia kila aliyeifikia wakati majeshi yakikimbia, na hesabu haikuwekwa sawasawa. Waliokufa wanakadiriwa kuwa maelfu. Serikali ya Churchill ilizuia habari zisitangazwe. Kwa dunia nzima ni Wilhelm Gustloff, meli ya matembezi ya Wajerumani iliyozamishwa na nyambizi ya Urusi Januari 1945 ikiwa na wakimbizi wengi na baadhi ya wanajeshi. Makadirio ya watafiti yanapita watu 9,000.

Mimi nataka kukaa zaidi na meli ndogo. Khedive Ismail ilikuwa na tani 7,513 tu. Ilijengwa Uskoti 1922 kwa jina la Aconcagua, ifanye safari za abiria za Chile, na mwaka 1935 ikauziwa kampuni ya Misri iliyoipa jina la mtawala wao wa zamani. Vita vilipokuja ikawa ya askari. Mwanzoni mwa Februari 1944 ilitoka Kilindini kwenda Colombo katika msafara wa meli tano, ikiwa na watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwemo pia mabaharia, askari wengine, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi.

Jumamosi ya tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa dakika moja na sekunde 40 hivi. Muda huo haumtoshi mtu aliyelala chini ya sitaha kupanda ngazi, seuze kushusha mashua. Watu 1,297 walikufa. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake sita.

Kilichofuata ni kigumu kukisimulia. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zilikuwa na jukumu la kuangamiza nyambizi ambayo ingeweza kuzipiga meli nne zilizobaki, zote zikiwa zimejaa askari. I-27 ilijificha chini ya eneo lilelile ambamo manusura walikuwa wakielea. Mabomu ya kina yalitupwa hapo, watu wakiwa majini. Hatimaye nyambizi iliibuka na, baada ya mapigano marefu, ikazamishwa kwa topido ya Petard.

Vijana hao walikuwa wakienda Ceylon kuungana na wenzao wa Keya (King's African Rifles), na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliendelea mpaka Burma bila wao. Majina yao yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, kwa kuwa bahari haikurudisha miili. Katika orodha za meli kubwa Khedive Ismail haipati hata mstari. Kwa hasara ya askari wa Afrika Mashariki baharini, iko juu ya zote, na shule zetu zingepaswa kuifundisha pamoja na Burma yenyewe. Ukikuta kwenye sanduku la babu barua ya jeshi inayosema "alipotea baharini" Februari 1944, anza na jina hilo, kisha nenda na jina la babu Ngong Road.

Ya mwisho

Mara ya mwisho Uingereza kupeleka majeshi vitani kwa meli za starehe ilikuwa 1982, kwenye visiwa vya Falkland. Canberra na Queen Elizabeth 2 zilibeba askari, zikawekewa viwanja vya helikopta. Ya tatu ni Uganda. Iliundwa Glasgow 1952 kwa njia ya London hadi Afrika Mashariki, na wengi wa kizazi kilichopita waliiona Kilindini na Dar es Salaam. Aprili 1982 ilikuwa katika Mediterania na wanafunzi wa shule, wakashushwa Napoli. Gibraltar waliigeuza kuwa hospitali kwa siku tatu hivi na kuipaka misalaba myekundu. Huko kusini ilitibu majeruhi zaidi ya 700, wa Uingereza na wa Argentina, na mwaka 1986 ikapelekwa Taiwan kuvunjwa.