Kabla ya kumfuga kenge, zijue gharama za matunzo yake

KATIKA msafara wa mamba, kenge nao wamo. Methali hii hutumiwa kumsema mtu aliyejipenyeza mahali pasipo pake. Hata hivyo, anayemfahamu mnyama huyo anajua kuwa kenge ana sababu zake za kuwa karibu na mamba, na kubwa kati ya hizo ni mayai. Mamba jike akiacha kiota chake kando ya mto bila ulinzi, kenge huwa miongoni mwa maadui wa kwanza kufika.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, nchi ya mikorosho, ufuta na misitu ya miombo, kenge si mnyama mgeni. Mabonde ya Mto Mbwemkuru na Mto Lukuledi, vichuguu vya mashambani na mapango ya miti humpatia maji, chakula na maficho. Kwa mwenye kuku, mnyama huyu ni mwizi wa mayai na vifaranga. Kwa mtoto aliyemwokota angali na urefu wa rula, ni kiumbe wa kupendeza anayestahili kuwekwa kwenye ndoo, apewe jina na kulishwa.

Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaomfuga kenge majumbani, kama wengine wafugavyo paka. Je, jambo hilo linawezekana hapa kwetu? Makala haya yanaeleza mnyama huyu anahitaji nini ili aishi akiwa na afya, sheria inasema nini, na kwa nini mapenzi peke yake hayatoshi.

Kenge wa aina mbili

Tanzania ina kenge wa aina mbili. Wa kwanza ni kenge wa maji, ambaye wanasayansi humwita Varanus niloticus. Ana rangi ya kijivu iliyokolea yenye madoa ya manjano, na mkia bapa unaomsaidia kuogelea. Anaweza kufikia urefu wa mita mbili na kuzidi.

Wa pili ni kenge wa nchi kavu, Varanus albigularis, ambaye baadhi ya watu humwita burukenge. Huyu ni mnene zaidi, pua yake ni butu, na hufikia urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo sita au zaidi. Hupenda miombo na nyika, akilala katika mapango ya miti au mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine.

Wote wawili ni watembezi. Utafiti uliofanyika katika Hifadhi ya Etosha nchini Namibia, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa dume mmoja wa kenge wa nchi kavu huzunguka eneo la takriban kilometa za mraba 18. Msomaji na akumbuke tarakimu hiyo tutakapofika kwenye ukubwa wa banda.

Anayeuzwa zaidi katika maduka ya Marekani ni ndugu yao mdogo wa Afrika Magharibi, Varanus exanthematicus, asafirishwaye kutoka Ghana, Togo na Benin. Mengi yanayofahamika leo kuhusu ufugaji wa kenge yametokana na makosa na mafanikio ya wafugaji wa huko.

Sheria inasemaje

Hapa nchini wanyamapori ni mali ya umma, walio chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata wala kummiliki mnyamapori bila kibali. Mnyama aliye hai naye huhesabiwa kuwa nyara ya Serikali, sawa na ngozi au pembe, na kupatikana na nyara bila kibali ni kosa linaloweza kumfikisha mtu gerezani.

Aidha, kenge wote duniani wamo katika orodha za Mkataba wa Kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, CITES, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Tangazo la Juni 2022 la kutoa nafasi ya muda kwa wafanyabiashara lilizua mjadala mkali, na Wizara ya Maliasili na Utalii ikalisitisha mara moja.

Kwa hiyo anayetaka kumweka kenge, iwe kwa maonyesho, elimu au utafiti, hana budi kuanzia kwa Ofisa Wanyamapori wa Wilaya au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Mfano wa maonyesho ya namna hiyo ni bustani ya nyoka ya Meserani, nje kidogo ya jiji la Arusha, ambako wageni hujionea reptilia mbalimbali.

Jua, udongo na nafasi

Tuseme basi kibali kimepatikana. Jambo la kwanza ni joto. Kenge hawezi kuuzalishia mwili wake joto la kutosha kama afanyavyo mbuzi au binadamu. Asubuhi huota jua hadi damu ichangamke, ndipo aende kuwinda. Bila joto hilo hata chakula alichokwisha kumeza hakisagiki vizuri tumboni.

Banda lake, kwa hiyo, linahitaji sehemu ya kuotea ambapo uso wa jiwe au gogo hufikia nyuzi 50 za Sentigredi au zaidi, na upande wa pili uwe na kivuli cha nyuzi kati ya 25 na 30. Kenge huchagua mwenyewe wakati wa kusogea huku au kule. Akifungiwa juani pasipo kivuli atakufa kwa saa chache, na akifungiwa kivulini moja kwa moja atadhoofika pole pole.

Jambo la pili ni udongo. Kenge ni mchimbaji, na shimo humpatia unyevu ambao hewa ya kiangazi haina. Wafugaji wazoefu hushauri udongo wenye kina kisichopungua sentimeta 60. Banda la kenge wa nchi kavu aliyekomaa hushauriwa kuwa na urefu usiopungua mita mbili na nusu, na upana na kimo cha zaidi ya mita moja. Kenge wa maji huhitaji zaidi ya hapo, pamoja na bwawa la kuzamia. Hicho ni kiwango cha chini kabisa; tukikilinganisha na zile kilometa za mraba 18, tutaona jinsi kilivyo kidogo.

Akilishwa kila siku, hufa

Porini kenge wa nchi kavu hula konokono, jongoo, mende, panzi, mayai, nyoka na panya. Kenge wa maji huongeza kaa, samaki, vyura na mizoga. Wote humeza windo pamoja na mifupa au magamba yake, na humo ndimo mnamotoka madini ya kalsiamu.

Kosa la wafugaji wengi ni kumlisha nyama tupu, utumbo wa kuku na mayai mengi, tena kila siku. Kenge wa nchi kavu ameumbwa kuishi kwa misimu. Wakati wa masika hula kwa wingi na kujaza mafuta mwilini. Kiangazi hula kidogo sana, huku akiyatumia mafuta hayo. Anayelishwa kila siku mwaka mzima bila kutembea hunenepa kupita kiasi, ini lake huharibika, na hufa akiwa na umri mdogo. Mwenye kukomaa hutosheka na milo michache kwa juma.

Mfugaji wa Nachingwea au Ruangwa ana tahadhari nyingine ya kuchukua. Huu ni ukanda wa korosho, na mikorosho hupuliziwa salfa na viuatilifu vingine katika miezi ya kiangazi. Wadudu waliokusanywa katika mashamba yaliyopuliziwa wasitumiwe kumlisha mnyama yeyote.

Maradhi na hatari

Kenge mchanga asiyepata jua la kutosha na kalsiamu hupata matege: mifupa hulainika, taya hulegea na miguu hupinda. Asiyepata maji ya kutosha huharibika figo na kupatwa na jongo, maradhi ya viungo yenye maumivu makali. Jike asiye na udongo mzuri wa kutagia huweza kufa na mayai yake tumboni. Dalili hizi huchelewa kuonekana, kwa kuwa reptilia huficha ugonjwa, nao madaktari wa mifugo wa wilayani kazi yao ya kila siku ni ng’ombe, mbuzi na kuku.

Upo pia usalama wa watu. Kenge huchapa kwa mkia, hukwaruza kwa kucha kali na kuuma bila kuachia upesi. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali kwa ajili ya matibabu na kinga ya pepopunda. Reptilia hubeba pia bakteria wa salmonella, hivyo kunawa mikono kila baada ya kumshika ni lazima, na watoto wadogo wasimshike kabisa.

Husemwa kwamba kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni. Mnyama mwenyewe ana masikio mazuri. Methali hiyo inamfaa zaidi mfugaji asiyetaka kuonywa.

Akikua atakwenda wapi

Kitoto cha sentimeta 25 huweza kukaribia mita moja ndani ya miaka michache, na kenge aliyetunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 10. Hapo ndipo wengi huchoka. Katika mji wa Cape Coral, jimbo la Florida nchini Marekani, kenge wa maji waliotoroka au kuachiwa na wenyewe walianza kuonekana mitaani na mifereji yake mnamo mwaka 1990, wakazaliana na kuwa tishio kwa bundi na ndege wengine wa huko. Mwaka 2021 jimbo hilo lilimweka kenge huyo katika orodha ya wanyama waliopigwa marufuku.

Ukimkuta kenge nyumbani, usimpige wala kumkamata. Mwachie njia, zuia mbwa na watoto, naye ataondoka. Akinasa mahali, mwite Ofisa Wanyamapori. Banda la kuku lizungushiwe wavu imara uliofukiwa ardhini, mayai yaokotwe kila siku, na mizoga ifukiwe, kwani harufu ndiyo inayomwita.

Mvua zinapolainisha ardhi, kenge wa maji jike hutoboa kichuguu, hutaga humo mayai yanayoweza kufikia 60, kisha huenda zake. Mchwa hulijenga upya lile tundu, na mayai hukaa kwa miezi kadhaa katika joto na unyevu usiobadilika, bila taa wala kipimajoto. Mkulima anayekiacha kichuguu hicho kisimame pembezoni mwa shamba lake, huku kuku wake wakilala katika banda lililofungwa, amekwisha kumtunza kenge, wala hakuhitaji kibali.