Sumu ya Muhogo na Mizani Isiyotulia

Katika nchi ya Kasongo, mashariki ya Kongo, mji uliovuma hadi pwani tangu zama za mfanyabiashara Tippu Tip, na katika Kabambare inayopitiwa na mto Luama, muhogo ni tegemeo la kila nyumba, majani yake yakipikwa sombe na mizizi yake, ikiisha kulowekwa, kuanikwa na kutwangwa, ikawa unga wa bukari; na kazi hiyo ya akina mama ina ndani yake silsila ya mabadiliko ya kikemia inayostahili kutazamwa kwa makini.

Muhogo mchungu umehifadhi dutu iitwayo linamarini ndani ya chembe zake, na kimeng'enya cha kuikata kimo katika kuta za chembe hizo, wala viwili hivyo havikutani maadamu mzizi ni mzima. Ukikaa majini kiasi cha siku tatu, hata ukabonyea kwa kidole, kuta hupasuka na viwili hivyo hukutana. Linamarini hukatwa ikatoa sukari na sianohidrini ya asetoni, nayo sianohidrini huvunjika ikawa asetoni na sianidi ya hidrojeni, ambayo ndiyo sumu yenyewe.

Mtaalamu anayeiga silsila hii kwa hesabu huandika, kwa kila dutu, kasi ya kutokea kwake kutoa kasi ya kutoweka kwake, na milinganyo hiyo sharti itatuliwe pamoja, kwa kuwa zao la hatua ya kwanza ndilo malighafi ya hatua ya pili. Hapo hubainika kwamba maji yakichachuka, pH ikashuka chini ya 5, hatua ya pili huzorota na sianohidrini hulimbikizana, mzizi ukaonekana umeiva ilhali hatari ingalimo. Fauka ya hayo, hatua hiyo huenda na kurudi: katika chombo kilichofunikwa, asetoni na sianidi huungana tena mpaka kasi mbili zikalingana, bali juani sianidi, ichemkayo kwenye nyuzi 26 hivi, huruka kila itokeapo, na mizani haipati kutulia. Mifumo ya namna hiyo, iliyo mbali na utulivu, ndiyo iliyompatia Ilya Prigogine wa Brussels Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Kule Kwango, magharibi ya Kongo, daktari Trolli alieleza mwaka 1938 habari za konzo, maradhi ya kupooza miguu ghafla, ambayo baadaye yalihusishwa na muhogo mchungu usiotengenezwa barabara na uhaba wa protini. Basi njaa au ukimbizi ukikulazimisha kupunguza siku za kuloweka, usile unga huo hivi hivi: ulowanishe, uutandaze tabaka jembamba, uuache juani kwa muda wa saa 2 au kivulini kwa muda wa saa 5, kisha ndipo usonge bukari.