Vikombe vya Buyenzi visivyonyonya chai

UWANI mwa nyumba moja mtaani Buyenzi, Bujumbura, mama mmoja anafinyanga vikombe, sahani na birika za kutumiwa mezani, si mapambo. Ameomba nisimtaje jina, kwani deni la tanuri bado hajalimaliza.

Vyungu tulivyozoea, wanavyofinyanga Batwa tangu zamani, huchomwa kwa majani na kuni mahali pa wazi. Moto huo kwa kawaida haufiki nyuzi joto 1,000, ndiyo maana chungu hunywa maji. Kwa mtungi hiyo si kasoro, maana kule kutoa jasho ndiko kunakopoza maji. Lakini kikombe kikinyonya maziwa, kitanuka. Yeye huchoma mara mbili. Mara ya pili hufikisha nyuzi 1,250, vyombo vikiwa vimepakwa majivu yaliyochanganywa na unga wa mawe, ambao huyeyuka ukawa kama kioo.

Kauri nyeupe ndiyo inayomtesa. Hupungua sana motoni na kupinda. Mara ya mwisho vikombe 19 kati ya 30 viliharibika.

“Mwalimu, ada ya mtoto ilikwenda humo,” aliniambia.

Wachuuzi wa Kobero na Mugina wanasema bei yake ni kubwa kuliko ya plastiki. Kweli. Basi kijaribuni: jazeni maji, kiacheni juu ya karatasi usiku kucha. Karatasi ikilowa, moto haukutosha, msilipe bei hiyo. Mimi niliyesoma ukimbizini nikinywea kikombe cha bati kinachounguza midomo, nilikiacha changu siku tatu. Karatasi ilibaki kavu.

Jumamosi anafungua tanuri tena.