Chachu ya Mkate wa Urafiki: Ndani ya Baridi Inakufa ao Inalala?



Katika somo la biolojia juu ya levire kulitoka ulizo moja lililogawa darasa letu la sita mara mbili. Chachu ikiwekwa ndani ya baridi kali mpaka inakuwa ngumu kama jiwe, inakufa ao inalala? Wengine walisema: kitu kilichoganda ni maiti tu, hakuna mambo mingine. Wengine wakasema inalala, lakini hawakuweza kueleza namna gani. Kwa hiyo sisi wa mwaka wa mwisho tuliona vizuri kuandika jambo hili kwa urefu ndani ya gazeti letu. Tumechagua mfano wa chachu moja tamu inayojulikana sana Marekani, kwa sababu watu wa kule wanaigandisha nyumbani kila siku, na mashida yake yanaonekana wazi.

Chachu hiyo ni ya mkate unaoitwa mkate wa urafiki wa Waamish. Waamish ni Wakristo waliotengana na Wamennonite huko Ulaya mwaka 1693, wakimfuata Jakob Ammann, na katika miaka ya 1700 wengi walivuka bahari kwenda Pennsylvania. (Wamennonite tunawafahamu hata hapa Kongo, hasa upande wa Kasai.) Jina la mkate lisitudanganye lakini. Waamish wengi hawaunganishi nyumba zao na umeme wa kampuni, tena mara nyingi watu wanatia ndani ya mkate huo unga wa krimu tamu wa dukani, kitu ambacho hakifanani na jiko la watu wa zamani. Sisi tunaona jina lilishikamana na mkate kwa sababu ni zuri, basi. Ujerumani nako, katika miaka ya 1980, watu walipitishiana chachu tamu ya namna hiyo, wakaipa jina la mtu: Hermann.

Inatengenezwa hivi. Unachukua paketi moja ya levire kavu, karibu grama 7, unaikoroga ndani ya robo kikombe ya maji ya vuguvugu. Unaongeza kikombe kimoja cha unga wa ngano, kimoja cha sukari na kimoja cha maziwa ya vuguvugu. Unafunika kwa kitambaa, unaacha mezani, si ndani ya frigo. Kila siku unakoroga kwa mwiko wa mti. Siku ya sita unailisha: unga kikombe, sukari kikombe, maziwa kikombe. Siku ya kumi unailisha tena vilevile, kisha unapima vikombe vinne: kimoja unabaki nacho, vitatu unawapa rafiki watatu pamoja na karatasi ya maelezo. Kile kinachobaki ndani ya bakuli njo unapikia mkate. Na wale rafiki watatu wanaanza kuhesabu siku zao kumi.

Hapa wale wanaopenda hesabu wachukue kalamu. Kama kila mtu anatii karatasi, chachu moja inakuwa 4 kisha siku 10, inakuwa 16 kisha siku 20, 64 kisha siku 30, na siku ya 50 ziko 1.024. Kikombe cha sukari ni karibu grama 200, na kila chachu inakula vikombe viwili katika siku kumi, ni kusema grama 400. Basi zile 1.024 zitaomba karibu kilo 410 za sukari katika siku kumi tu zinazofuata! Bado hatujasema unga na maziwa. Kumbe zawadi inageuka deni. Rafiki anakukuta njiani na sashe mkononi, unatafuta njia nyingine ya kupita. Watu wengi wa Marekani walichoka namna ile, wengine wakamwaga chachu ndani ya choo. Kwa hiyo kuigandisha ni njia ya kusema "si leo" bila kutupa chakula cha mtu.

Sasa turudi kwa ulizo letu. Ndani ya chachu mko viumbe vidogo sana, kila kimoja ni chembe moja tu, jina lao ni Saccharomyces cerevisiae, ukitafsiri neno la kwanza ni kama kuvu ya sukari. Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha katika miaka ya 1850 na 1860 kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai, si kuoza kwa bure. Viumbe hivi vinakula sukari, vinatoa gazi (ile inayofanya mapovu) na pombe kidogo. Baridi ikizidi, kazi yao inapungua. Ndani ya kongelateri, kwa digri 18 chini ya sufuri, kazi inasimama kabisa.

Lakini kusimama si kufa. Kinachoua ni maji. Maji ya inje ya chembe yanaganda kwanza. Yakiisha kuganda, yanavuta maji ya ndani yatoke, na chembe inakauka na kujikunja kama haragi iliyoachwa juani. Kama maji yaliyobaki ndani nayo yakiganda, yanakuwa vipande vyenye makali vinavyotoboa ngozi ya chembe. Chembe iliyotobolewa haiamki tena. Kwa hiyo wale waliosema "maiti" walikuwa na haki kidogo: kila mara unapogandisha, sehemu moja ya chembe inakufa. Wale wa "inalala" wana haki zaidi, maana nyingine zinabaki hai, na hizo chache zikipata chakula zitazaa tena mpaka kujaza bakuli. Levire yenyewe inajitengenezea ndani mwake sukari moja iitwayo trehalozi, inayolinda ngozi ya chembe wakati wa baridi na wakati wa kukauka. Njo maana ile levire kavu ya wamama wanaokaanga mandazi sokoni inakaa miezi ndani ya paketi, na bado inafanya kazi yake.

Kitu kingine ambacho wapika mikate wanajua: levire iliyo katikati ya kazi kali inavumilia baridi vibaya kuliko levire iliyotulia. Kwa sababu hiyo wakati mzuri wa kugandisha ni siku ya kumi, mara moja kisha kulisha na kugawa, mbele mapovu hayajaanza kupanda. Usingoje mpaka kesho. Unatia kikombe kimoja kimoja ndani ya sashe ngumu, unasukuma hewa itoke, lakini unaacha nafasi, maana chachu itaendelea kutoa gazi kidogo mpaka baridi iifikie katikati. Bokali ya kioo iliyojaa mpaka juu inaweza kupasuka. Unalaza sashe iwe bapa, ipate kuganda na kuyeyuka sawasawa. Juu yake unaandika tarehe na neno CHACHU, kwa sababu tunajua wandugu wengine ndani ya nyumba wakikuta kitu cheupe ndani ya frigo wanafikiri ni maziwa. Miezi michache si shida. Kadiri siku zinavyopita chembe zinazidi kufa, kwa hiyo usihesabu miaka.

Kuiamsha kunaomba uvumilivu kuliko akili. Jioni unatoa sashe kwenye kongelateri na kuiweka ndani ya frigo ya kawaida. Asubuhi unaiweka mezani ndani ya bakuli. Kama una haraka, iache mezani moja kwa moja, angalau saa tatu. Usiitie ndani ya maji ya moto! Levire inakufa kwa digri 55 hivi na kupanda, na itakuwa huzuni kubwa kuokoka na baridi ya miezi mitatu kisha kuuawa na sufuria. Utaona maji ya manjano ao ya kijivu yakielea juu: hapana kuogopa, koroga tu. Harufu ya pombe kidogo na ya maziwa yaliyoganda ni nzuri. Lakini ukiona mistari ya rangi nyekundu ya waridi ao ya machungwa, ao manyoya ya kuvu, tupa yote pamoja na sashe, hata kama sukari inakuuma roho. Kukwangua juu na kubakiza chini hapana.

Kisha unangoja mapovu. Kwa kuwa ililishwa mbele ya kulala, chakula kingali ndani, hakuna haja ya kukimbilia kuongeza sukari. Siku moja inaweza kutosha. Wakati wa baridi ya milimani, mbili. Mapovu yakitokea, hiyo inakuwa siku ya kwanza, unahesabu kumi kama kawaida.

Na hapa tunafika kwa jambo ambalo karatasi nyingi za maelezo hazisemi, na sisi tunaliona ni kubwa kuliko yote. Watu wanafikiri: nilipika, mkate ulivimba, basi chachu yangu iko hai. Angalieni vizuri mambo yanayoingia ndani ya mkate huo. Kwa kikombe kimoja cha chachu wanatia mayai matatu, kikombe cha mafuta, nusu kikombe ya maziwa, kikombe cha sukari, vikombe viwili vya unga, mdalasini, chumvi, na tena levire ya kemia kijiko kidogo kimoja na nusu, na bikarbonati nusu kijiko. Unaingia ndani ya tanuru ya digri 165 karibu saa moja. Kinachoinua mkate huo zaidi ni levire ya kemia na bikarbonati, si chachu! Ukitia chachu iliyokufa, mkate utavimba tu, utakuwa mtamu, na wewe utatembea na furaha ukigawia rafiki watatu sashe za maiti. Wao watalisha maiti hiyo kwa unga wao, sukari yao na maziwa yao, siku kumi nzima. Na maziwa yakikaa mezani siku kumi bila kiumbe hai cha kuyachachusha vizuri, ni hatari ya tumbo, si hasara ya makuta peke yake.

Kwa hiyo jaribu mbele ya kugawa. Chukua kijiko kikubwa cha chachu iliyoyeyuka, changanya ndani ya glasi ndogo na vijiko viwili vya unga na kimoja cha maziwa ya vuguvugu. Usitie sukari. Sababu gani? Sukari mingi nayo inavuta maji ya chembe, sawa na chumvi inavyovuta maji ya samaki, na chembe zilizotoka tu kwenye baridi zinachoka zaidi. Funga uzi ao chora alama kwenye glasi, mahali unga unapofika. Angalia kisha saa chache, tena asubuhi. Ikipanda juu ya uzi na mapovu yanaonekana kwa ubavu wa glasi, iko hai. Ikibaki pale pale siku mbili, ilikufa. Wengine wanainyunyizia levire kavu kidogo na kusema wameifufua. Wasijidanganye: hiyo ni chachu mpya yenye jina la zamani. Si vibaya, lakini mwambie yule unayempa.

Mtauliza: na kwetu, ambako umeme unakatika? Ulizo zuri. Kongelateri iliyojaa, isipofunguliwa, inashika baridi karibu saa 48; iliyojaa nusu, karibu saa 24. Kwa hiyo umeme ukikatika usiku mmoja, wacha mlango umefungwa, wala usiende kuchungulia. Kibaya ni kuyeyuka na kuganda, kuyeyuka na kuganda, maana kila mara vipande vya maji vinakuwa vikubwa zaidi na kutoboa chembe zingine. Chachu iliyoyeyuka kabisa iamshe tu na kuipikia, usiirudishe.

Na ambaye hana frigo hata moja anaweza kutumia njia ya kukausha. Hiyo inafaa kwa chachu ya unga na maji tu, isiyo na maziwa wala sukari. Unaipaka nyembamba sana juu ya karatasi safi ya mafuta, ndani ya kivuli chenye hewa, si juani, mpaka inavunjika kama biskuti. Unaisaga, unaifunga ndani ya bokali kavu. Siku ya kuiamsha unailoweka kwa maji ya vuguvugu, unailisha unga kidogo asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na unafanya jaribio lile lile la glasi na uzi. Wanafunzi wa darasa la nne waliotuomba kuonyeshwa jaribio hilo waje na glasi yao na kipande cha uzi; unga tutauomba kwa Mama wa jiko.