Kabla ya Mikataba Kubadilishwa

Huko Uingereza na Wales, watu wa nyumba moja wapendao nyumba mpya, pengine kuta zake hazijafika hata kwenye paa, hulipa kwanza ada ya kuwekewa, aghalabu pauni 500 au zaidi. Wengi hudhani kwamba kwa ada hiyo wamekwisha kufungwa. Sivyo hivyo.

Sheria ya mwaka 1989 yataka mkataba wa kuuza nyumba uwe wa maandishi na wenye saini. Mpaka mawakili wa pande mbili wabadilishane mikataba, mnunuzi aweza kujitoa, hata muuzaji akikunja uso. Kanuni za ubora wa nyumba mpya, zilizoanza mwaka 2022, humtaka mjenzi aliyejiandikisha amrudishie ada yote anayejitoa katika siku 14 tangu kuwekewa. Zikipita, mjenzi aweza kukata gharama zake. Ujira wa wakili kwa kazi aliyokwisha kuifanya ni juu ya mnunuzi.

Mikataba ikibadilishwa, mambo hugeuka. Hapo hutolewa arubuni, kwa kawaida asilimia 10 ya bei. Katika nyumba ya pauni 300,000 ni pauni 30,000. Ajitoaye baadaye yumkini akaipoteza yote, na ndiyo akiba ya miaka mingi.

Basi mke au mume aliyeingiwa na shaka asinyamaze kwa kumwonea haya muuzaji. Na amwandikie wakili na mjenzi mapema, aweke na nakala. Haya ya siku moja ni nyepesi kuliko deni la miaka 25.