Miti wakati wa kipupwe (2): Mtufaha unaitaka baridi, mparachichi unaiogopa

Wiki iliyopita tulizungumzia mashimo na samadi. Leo tuitazame miti yenyewe katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, msimu ambao Njombe na Makete hupata baridi ya kweli. Msomaji wa Tanga huenda akashangaa, lakini zipo asubuhi za Julai ambapo umande huganda kwenye mabonde ya huko na nyasi huamka nyeupe.

Nyumba nyingi za Njombe zina mitufaha, mifyulisi na miparachichi katika eneo moja, na mara nyingi yote huhudumiwa kwa namna moja. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mtufaha asili yake ni nchi za majira manne. Macho ya matawi yake hayafunguki vizuri mpaka yapitie saa nyingi za baridi, hasa chini ya nyuzijoto 7. Zipo aina zinazoridhika na baridi kidogo, kama Anna iliyozalishwa Israeli, lakini hata hizo zinataka kipupwe. Mparachichi umetoka Mexico na Amerika ya Kati, na baridi huukuta na majani yake yote.

Mtufaha na mfyulisi hupogolewa majani yakishapukutika na kabla macho hayajaanza kuvimba. Ondoa kwanza matawi yaliyokufa, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Kisha tazama kwa makini pale tawi linapoungana na shina: utaona gome limevimba kidogo na kujikunja kama kola ya shati. Kata nje tu ya uvimbe huo. Ukiukata wenyewe, kidonda huchelewa kuziba. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na uozo utaingia shinani. Tawi nene lianze kukatwa kwa chini, hatua fupi kutoka shinani, kiasi cha theluthi ya unene wake. Halafu likate kwa juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, lianguke bila kuchuna gome la shina. Kisiki kilichobaki kiondolewe mwisho.

Mparachichi ni habari nyingine. Jalidi huja usiku mkavu, usio na mawingu wala upepo. Ardhi hupoteza joto lake upesi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama bondeni. Kwa hiyo mche uliopandwa kwenye mteremko una nafuu kuliko wa bondeni. Miche michanga ijengewe vibanda vya nyasi, na udongo umwagiliwe mchana, kwani udongo wenye maji hutunza joto la jua na kulitoa usiku. Matandazo mazito huzuia joto hilo kupanda. Hata hivyo, mvua za Njombe zikishakatika mwezi Mei, hukaa miezi mingi bila kurudi, na mizizi inahitaji unyevu. Kwa maoni yangu, matandazo yasogezwe kando kwenye miche ya bondeni tu, tena kwa wiki zile za baridi kali. Kwingine yabaki, ila yasiguse shina.

Jalidi ikishapiga, majani hugeuka kahawia na mwenye mti hukimbilia panga. Nawasihi wakulima wasifanye hivyo! Mpaka kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai hauonekani upesi. Majani yale yaliyoungua bado yanayakinga matawi ya chini, na ukikata sasa utauchochea mti utoe machipukizi laini yatakayouawa na jalidi ijayo. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ukikuta ukijani wenye unyevu, tawi liko hai. Ukikuta kahawia kavu, limekufa hapo, lakini huenda chini yake kuna uhai. Subiri machipukizi mapya yakuonyeshe pa kukata. Matawi yaliyobaki wazi yapakwe chokaa, maana jua la mchana huyaunguza. Yurea isitiwe mpaka baridi ipite.

Wiki ijayo tutahamia kwenye chai, pamoja na wasomaji wetu wa Kericho, ambako jalidi huja Januari na Februari, wakati Njombe ina mvua.